Chokaa ya Moyo

Jumanne, 2 Julai

Mashine imeamka vibaya. Mkanda umelegea. Nimeukaza, kifua kikanishika hapo hapo, kabla hata gunia la kwanza halijamwagwa. Zamani nilikoboa mpunga kutwa nzima nikila ndizi kwa mkono mmoja. Sasa nakaza mkanda mmoja natafuta pa kukaa.

Mavuno yametoka, foleni ya magunia imefika barabarani. Nimemwachia fundi wangu, nimerudi nyumbani nikisimama kila baada ya migomba michache. Wapita njia wananiuliza kama nakagua shamba. Nakagua nini, mpumbavu mimi. Natafuta pumzi.

Choo cheusi tena. Kama lami, kinateleza. Hii ni mara ya tatu au ya nne tangu Juni. Ni vile vidonge vya magoti, nikivimeza kabla ya kula tumbo linawaka. Mke wangu, Mama Lusajo, sijamwambia, presha yake inamtosha. Nitamwambia daktari.

Safari ya Dar ni Jumamosi. Mwezi wa tano madaktari wa huko walinipitishia waya mpaka moyoni, wakajaza puto ndani ya mshipa ili kuupanua. Puto likagoma. Mishipa yangu imejaa chokaa. Kunipasua kifua hawataki, mapafu yana vumbi la pumba la miaka yote ya mashine. Kimebaki kifaa kimoja: kichwa kidogo kilichopakwa vumbi la almasi, kinaingizwa ndani ya mshipa, kinazunguka, kinasaga chokaa mpaka iwe unga. Lusajo, mwanangu, alicheka. Alisema baba atakobolewa. Mimi sikucheka. Daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba wasiponisaga, mwakani hawatanikuta.

Alhamisi, 4 Julai

Lusajo kapiga simu. Lori limekufa injini Zambia, mzigo hauachwi porini. Yeye ndiye alikuwa anipeleke. Mama Lusajo ana nyonga, basi la kutwa nzima litammaliza. Mdogo wangu kalala hoi kwa malaria.

Kisha Mama Lusajo akasema, macho kwenye chungu, kwamba Atupele yupo.

Nimekataa. Atupele ni mke wa Lusajo, mkamwana wangu. Tangu aolewe hajanitazama usoni, wala mimi sijamtazama. Ndiyo heshima yetu, kutila. Nikiwa sebuleni anapita mlango wa nyuma. Tukikutana njiani anaingia ndani ya shamba la kakao mpaka nipite. Jina langu halitaji, akilazimika anasema "babu yao". Nakula chakula chake kila siku. Naujua mkono wake kwenye chumvi kuliko ninavyoijua sura yake. Mtu huyo ndiye akasimame kando ya kitanda changu nimevuliwa nguo?

Mama Lusajo akasema sawa, basi nife na heshima yangu, yeye ataandaa ndizi za mbalaga za msiba.

Nimekasirika mpaka kifua kikabana. Tunaondoka na Atupele.

Jumamosi, 6 Julai

Basi. Mimi kiti cha mbele, yeye nyuma kabisa. Kila tuliposimama alimtuma konda aniletee maji, ndizi za kuchoma, kidonge cha chini ya ulimi. Konda mwisho akaniuliza yule mama nimemkosea nini. Nikamwambia aangalie mlango wake.

Tumefika giza limeingia. Nyumba ya wageni karibu na hospitali, vyumba viwili. Kifua kimeuma mara mbili njiani. Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumatatu, 8 Julai

Mapokezi walimuuliza Atupele jina la mgonjwa. Akanyamaza. Wakamuuliza tena. Akainama, anavuta khanga. Yule binti wa dirishani akapandisha sauti, mama, umemleta mgonjwa usiyemjua jina? Foleni ikaanza kunung'unika. Ikabidi nipige kelele jina langu kutoka kwenye benchi, kama anayenadi kuku. Watu wakacheka. Sisi wawili hatukucheka.

Daktari wa moyo safari hii ni mwanamke, kijana, anaongea haraka. Alitaka ndugu aingie asikie maelekezo. Atupele akaingia, akasimama nyuma yangu, uso ukutani. Daktari akatutazama, akaendelea. Nalala vipi. Napumua vipi. Kisha kwa mkupuo mmoja: "Baba, umewahi kupata choo cheusi? Unatumia vidonge vyovyote vya maumivu?"

Nyuma yangu khanga ikagusa ukuta. Nikaisikia.

"Hapana," nikasema.

Hapana kwa yote mawili. Ilitoka kabla sijaipima. Mdomo huu hauwezi kutaja choo mbele ya mke wa mwanangu. Na vidonge ningevitaja vipi bila kufika tumboni, na tumboni bila kufika chooni?

Ndipo daktari akaeleza kwa nini anauliza. Baada ya kusaga wataacha vyuma vidogo kama springi za waya ndani ya mshipa, kuushikilia. Damu hupenda kuganda kwenye chuma kipya. Kwa hiyo nitameza dawa mbili za kuilainisha damu, kila siku, bila kuruka. Choo cheusi ni dalili ya kidonda tumboni, na mwenye kidonda dawa hizo humtoa damu.

Nimeelewa vizuri sana. Nikaitikia kwa kichwa kama mjinga. Kesho nitamwambia akiwa peke yake.

Jumanne, 9 Julai

Hakuwa peke yake. Walikuja kundi zima, wanafunzi, manesi, wamenizunguka kama nyama ya mnadani. Atupele mlangoni na chupa ya uji. Sikusema.

Wamenilaza wodini. Kijana mmoja kaninyoa kinena kwa wembe mkavu. Sikuwahi kuona aibu ya namna hii, na bado.

Kitanda cha jirani kuna mzee wa Newala, miguu imevimba kama viazi vikuu. Anauguzwa na binti yake, Zuhura. Mzee anapenda kuongea. Alificha uvimbe wake mwaka mzima, anasema, sasa anajionea. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akaniambia, kama vile nimemuuliza. Nikageukia ukutani.

Alhamisi, 11 Julai

Jana sikuweza kushika kalamu.

Chumba baridi kama friji la samaki. Wakanilaza kwenye meza nyembamba, wakanichoma ganzi pajani. Uko macho wakati wote. Daktari aliniambia wataniwekea kwanza waya mwingine wa kuusukuma moyo kwa umeme, kwa sababu wakati wa kusaga moyo unaweza kusahau kazi yake. Alisema hivyo kwa upole. Afadhali asingesema.

Kisha akaniinamia, barakoa usoni, akauliza kama kuna lolote nataka kumwambia kabla hajaanza.

Pale mkamwana hakuwepo. Alikuwa nje kabisa ya milango miwili. Hakuna desturi iliyonifunga mdomo pale mezani. Niliogopa tu. Niliogopa angesema basi, shuka, rudi Kyela ukaponye tumbo kwanza, na mwaka wangu ungeishia hapo. Nikasema hakuna.

Akakanyaga pedeli. Mluzi. Mwembamba, wa juu, kama mbu aliyeingia sikioni. Kifaa kile kinazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kipo ndani yangu. Akawa anadonoa. Anagusa, anarudi, anasubiri. Anagusa, anarudi. Mluzi ulipokutana na chokaa ulizama, ukawa mzito, kama kinu kilichomwagiwa mpunga mbichi. Mtu pembeni akasema kasi inashuka, daktari akavuta nyuma haraka. Mimi huwa nawafokea vijana wakilisha mashine kwa pupa. Huyu hakulisha kwa pupa. Nilimshukuru moyoni, moyo ule ule anaousaga.

Mara ya nne au ya tano taa zikafifia. Sauti zikaenda mbali. Nilisikia mtu anasema kohoa baba, kohoa kwa nguvu, na nikasikia ule umeme unanipiga mateke kutoka ndani. Kifua kilijaa moto. Nilijua nakufa. Sikumwona malaika wala nini. Niliwaza mashine nimeiacha na mkanda mbovu.

Nikakohoa. Taa zikarudi.

Puto lilitanuka safari hii. Vyuma viwili vimekaa. Daktari alivua glovu akakaa kwenye kiti, akaniambia chokaa yangu ilikuwa ngumu kuliko zote alizosaga mwaka huu. Nadhani alitaka nijivunie.

Ijumaa, 12 Julai

Mguu unyooke, usiinuke, usikunje. Kila kitu kitandani. Kuoga kitandani. Haja kitandani.

Manesi ni wachache, ndugu ndio wanaoogesha wagonjwa. Nesi akamletea Atupele beseni na kitambaa, akamwambia amgeuze baba. Atupele akasimama na beseni mikononi. Nikafumba macho. Niliomba dari inidondokee.

Nikasikia ananong'ona na Zuhura. Muda mrefu. Kisha mikono iliyonishika haikuwa ya Atupele. Zuhura ndiye aliyenisafisha, na Atupele akahamia kitanda cha pili, akamwogesha mzee wa Newala, akamkata na kucha. Wamebadilishana wazee. Wale wengine wodini wanashangaa, sisi tumepona.

Akili ya mwanamke huyu sikuijua. Nimeishi naye boma moja miaka yote hii.

Zuhura aliposhika bakuli la haja nilimtazama usoni. Hakuonyesha kitu. Choo kilikuwa cha kawaida. Nikajiambia labda kimekwisha chenyewe, vidonge vya magoti sijavigusa tangu nitoke nyumbani. Mtu akitaka kujidanganya hakosi ushahidi.

Jumatatu, 15 Julai

Nimeruhusiwa. Daktari karudia: asprini na kile kingine, kila siku, hata mvua ya mawe. Ukiacha, chuma kinaziba, unaondoka ghafla. Ukiona damu popote, piga simu. Namba yake kampa Atupele.

Nilifungua mdomo. Atupele alikuwa anafunga mizigo mgongo kwangu. Nikaufunga.

Alhamisi, 18 Julai

Nyumbani. Jana nimetembea mpaka mashineni bila kusimama. Bila kusimama hata mara moja! Nimesimama mbele ya kinu nikalia, fundi akajifanya anatafuta spana. Ndaga Kyala, asante Mungu. Ndaga fijo.

Mama Lusajo kanipikia usipa, dagaa wetu wa ziwani, bila chumvi. Hauna ladha yoyote. Nimekula wote.

Atupele amerudi mlango wake wa nyuma. Nasikia sauti yake jikoni tu.

Jumatano, 24 Julai

Cheusi. Leo na jana na juzi. Si kidogo.

Nimekaa chooni nikifikiri. Nikiacha dawa chuma kinaziba. Nikiendelea damu inaniishia kwa chini. Njia ni kumpigia daktari. Namba iko kwenye simu ya Atupele. Nimwambie Mama Lusajo? Atamwambia Atupele, Atupele atamweleza daktari, na habari ya choo changu itapita jikoni, kwenye midomo ya mkamwana. Na daktari atauliza ilianza lini. Na wote watajua nilidanganya.

Labda ni chakula. Labda ni dawa ya kuongeza damu, hiyo nayo hufanya choo cheusi. Sinywi dawa ya kuongeza damu. Naandika upuuzi.

Ijumaa, 26 Julai

Kizunguzungu. Viganja vyeupe. Nimekwenda mashineni, nimesimama njiani mara mbili, ile pumzi niliyotoka nayo Dar inaondoka. Fundi anasema nimepauka. Nimemwambia ni vumbi la mchele.

Kaka yake Mama Lusajo amefariki huko Katumba Songwe. Kesho wanakwenda wote kuzika, watalala huko. Atupele anabaki kunipikia.

Jumapili, 28 Julai

Asubuhi nimeanguka nikitoka chooni. Nimetambaa mpaka kwenye kiti.

Moyo unakimbia. Unakimbia bila mzigo, kama mashine tupu. Kifua kinabana upande ule ule wa zamani.

Hakuna mtu. Majirani wote msibani. Simu yangu haina chaji.

Atupele yuko uani, anapepeta mchele. Ungo unapanda, unashuka. Ukuta mmoja tu.

Jumatano, 31 Julai

Hospitali, Kyela mjini. Nitaandika yote.

Nilimwita kwa jina. "Atupele." Ungo ukanyamaza. Nadhani hata yeye alidhani ameota. Nikaegemeza kichwa ukutani, nikasema kwa nguvu zilizobaki: "Choo changu ni cheusi. Kilianza kabla ya Dar. Nilimdanganya daktari kwa sababu ulikuwepo."

Nilihesabu kwamba amekimbia. Angekuwa na haki.

Kisha mlango wa mbele ukafunguka, mlango wa sebuleni asiopita nikiwa ndani. Akaingia. Akanitazama usoni, moja kwa moja, na mimi nikamtazama. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Sikulijua.

"Tata, usisimame," akasema. Aliniita baba. Akanibeba. Kweli, alinibeba, mikono chini ya kwapa, miguu yangu ikiburuzwa, mpaka barabarani. Akasimamisha bajaji. Njia nzima kutoka kijijini kwetu Ngana kichwa changu kilikuwa begani kwake na mkono wake umenizunguka nisidondoke, na watu waliokuwa wakitoka kanisani walisimama kututazama. Niliwaona. Sikuwa na nguvu ya kuona haya.

Njiani alimpigia daktari wa Dar. Akataja yote, choo, rangi, siku, bila kumeza neno. Daktari akaomba kuongea na mimi. Hakufoka. Ningependa angefoka. Alisema, "Baba, kuna kidonge kimoja tu cha kulinda tumbo. Ningekupa pamoja na zile mbili. Ningekuchelewesha wiki chache, nisingekukatalia."

Kidonge kimoja. Kinauzwa kila duka la dawa hapa Kyela.

Wameniongeza damu. Wamesimamisha asprini, kile kingine wamekiacha ili vyuma visizibe, na kidonge cha tumbo nimeanza. Vyuma bado viko wazi, wanadhani. Lakini damu ilipungua mno, moyo ukafanya kazi ukiwa mkavu, na sehemu yake ya chini imekufa. Wameipima. Haifufuki. Kile kifaa cha almasi kilinifungulia njia, nami nimeichoma nyumba iliyo mwishoni mwa njia. Mashineni sitarudi. Hilo wameniambia wazi, na nimelia tena, safari hii hakuwepo wa kujifanya anatafuta spana ili kunistahi.

Atupele ametoa damu benki ya hapa kufidia niliyotumia. Kama niliyoongezwa ni yake au ya mwingine sijui, sikuuliza.

Ijumaa, 2 Agosti

Ugonile, nesi wa asubuhi hunisalimu hivyo kabla ya kugusa chochote. Namjibu.

Mama Lusajo alikuja jana kutoka msibani. Hakunigombeza, ndiyo maana najua hali ni mbaya. Anasema wazee wa ukoo wameanza kuongea, kwamba mkamwana amenishika na kunibeba hadharani, kwamba jambo hilo lina utaratibu wake wa kusafishwa. Nimemwambia wazee waje hapa wodini waongee na mimi. Hawajaja. Lusajo yuko njiani kutoka Zambia.

Tangu juzi Atupele haingii tena. Anaacha uji mlangoni, anakaa nje chini ya dirisha, mgongo umeegemea ukuta, pamoja na wanawake wengine wanaouguza. Nilipoamka leo nilimwona kisogo tu, na kitenge kichwani. Sikujua nijisikieje. Nadhani niliumia.

Nesi akaja na maswali yake. Maumivu? Kidogo. Usingizi? Kidogo. Choo?

Dirisha lilikuwa wazi.

"Bado cheusi," nikasema, kwa sauti ya kufika nje.

Wanawake wale wakageuka. Nesi akaandika. Kisha kutoka chini ya dirisha, bila kugeuka, Atupele akauliza, "Kuliko jana, tata, au kimepungua?"

"Kimepungua."

Akasema, "Haya." Akaendelea kuchambua mboga.